Wikendi Diani na Wenzako wa Chuo: Wewe ni Mwenyeji, Si Mfadhili

"Dada, mimi ni mzaliwa wa Msambweni, nasoma Nairobi, mwaka wa pili. Wenzangu wamegundua kwetu si mbali na Diani na sasa sina raha. Wanataka tuje wikendi moja mwezi wa pili. Tuko tisa, wasichana watano na wavulana wanne. Mmoja ni Mjerumani aliyekuja kwa muhula mmoja, na mwingine ni msichana wa Mbarara, Uganda, ambaye hajawahi kuona bahari. Kila kitu naulizwa mimi: tutalala wapi, tutakula nini, ni pesa ngapi. Nyumbani hawajui lolote. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, anza na mamako. Mpigie leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Msambweni haina siri. Utashuka Ukunda na kundi la wavulana wenye mabegi, dereva wa matatu atakuona, na habari itafika nyumbani kabla yako. Ukiisema wewe, ni matembezi ya wanafunzi. Ikisemwa na dereva, ni jambo jingine kabisa, na utakuja kulieleza mbele ya shangazi zako wote.

Sasa tuje kwenye hilo "nifanyeje". Nionavyo mimi, huogopi bahari wala nauli. Unaogopa kwa sababu watu wanane wameshakupa kazi usiyoiomba. Wao wanakuja kustarehe; wewe umeshafanywa kiongozi wa msafara, mpishi, benki na mkalimani, na juu ya hayo yote uwe bado yule rafiki wa kucheka nao. Wengi wenu mnaotoka Kwale mkasome Nairobi, Eldoret au Kampala mnaniandikia habari hii hii, na kila mara ugomvi huzuka Jumapili, kwenye hesabu. Mtoto wa Nyeri akija Diani akaharibu, anarudi Nyeri. Wewe ukiharibu, umeharibu kwenu.

Kwa hivyo kaa chini uamue unachotoa na usichotoa, kisha uwaandikie kwenye lile kundi lenu la WhatsApp, wazi, bila kuomba radhi. Unachotoa ni ujuzi: njia, bei, saa za maji, nani wa kumwamini. Usichotoa ni mfuko wako, nyumba ya mamako na jina lako.

Nyumba ya mama nitaizungumza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Mzazi wa Kidigo hatamfukuza mgeni. Ukimwambia mnakuja watu tisa, atasema karibuni, kisha atauza mbuzi, au atakopa unga na mafuta dukani, na hutajua mpaka mwezi upite. Methali imewapa wageni siku mbili kabla ya kukabidhiwa jembe, na wikendi ni siku mbili, kwa hivyo wenzako jembe wataliponea; lakini mamako naye yumo jikoni tangu alfajiri akikuna nazi, na hao wenzako wanaamka saa nne. Usimfanyie hivyo. Kodini nyumba Diani au Ukunda. Ziko nyumba za kupanga zenye vyumba vitatu vinne na jiko lake, na nyingi zina mpishi anayepikia wapangaji wake kile walichonunua wao. Nunueni samaki asubuhi kwa wavuvi wenyewe, ndizi na maembe sokoni Ukunda, nazi kila mahali. Mkiwa tisa, nyumba ya namna hiyo huwa nafuu kwa kila mmoja kuliko gesti ya kulala wawili wawili. Wasichana wachukue vyumba vyao, wavulana vyao, na hilo nalo liandikwe kwenye kundi kabla mtu hajalipa, ili asitokee wa kujifanya ameshangaa saa tano ya usiku.

Nyumbani mpeleke wenzako mara moja tu, kwa chakula cha mchana, Jumamosi. Wachange wanunue sukari, mchele, mafuta na majani ya chai, mfuko mzima, na aukabidhi mmoja wao kwa mikono miwili huku akisalimia vizuri. Wafundishe "shikamoo" njiani. Wale, washukuru, waoshe vyombo, waondoke. Mamako atawasifu mwaka mzima.

Pesa sasa. Nauli ya treni kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Zamani ilikuwa 1,000. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa kila mtu kabla hamjaguswa na njaa. Tiketi za wikendi, hasa mwisho wa mwezi, huisha mapema, basi kila mtu alipe yake mwenyewe kwa simu yake, ya kwenda na ya kurudi pamoja. Nasisitiza ya kurudi. Asiyekuwa na tiketi ya kurudi Jumapili hapandi treni ya Ijumaa, hata akiwa ndiye rafiki yako wa chumbani. Yeye ndiye atakayekuambia saa sita mchana, "nilipie nitakutumia nikifika", na mikopo ya namna hiyo naijua inavyolipwa.

Nyumba, chakula na usafiri wa ndani vichangwe wiki mbili kabla, kwa mtu mmoja, na mtu huyo asiwe wewe. Mchagueni yule mwenye roho ngumu ya pesa, kila kundi linaye. Wewe tayari una kazi ya kuongoza. Ukishika na mfuko, kila samaki atakayeonekana ghali utaulizwa umekula ngapi. Na mwanafunzi anayesomeshwa kwa basari ya kaunti, ile ya Elimu ni Sasa au nyingine yoyote, au anayesubiri mkopo wa HELB, asiguse fedha hizo kwa safari. Nasema hivi nikijua wapo watakaoninunia.

Hapa nitie neno ambalo halisemwi sana. Diani inaendeshwa na kamisheni. Dereva wa tuktuk akikupeleka dukani anapewa kitu, anayekuitia mwenye boti anapewa kitu, na wewe uliyezaliwa hapa utafuatwa pembeni na binamu wa mtu akuahidi mia mbili mia tatu kwa kila kichwa ukiwapeleka wenzako kwake. Pesa hizo si haramu. Watu wanalea watoto kwa hizo. Lakini ukizichukua kimya kimya kutoka kwa marafiki, umeshaacha kuwa rafiki, umekuwa wakala. Chagua moja. Ukitaka kuchukua, waambie wazi kwamba utalipwa. Usipotaka, mwambie mwenye boti apunguze bei kwa kiasi hicho. Mimi ningechagua la pili, na bado yule mwenye boti ungemuachia heshima yake, maana utakutana naye tena Idi ikifika.

Kuhusu njia: treni ya saa tisa alasiri inafika Miritini, kituo cha Mombasa, baada ya saa mbili usiku. Usiwaburute watu tisa wenye mabegi hadi kivukoni Likoni usiku huo. Agizeni matatu ndogo mapema, iwapitishe barabara ya Dongo Kundu, inayotokea upande wa kusini bila kuvuka feri. Feri waionje mchana, siku nyingine, kwa miguu; mwenda kwa miguu halipi chochote. Waambie kabla ya kufika kwamba kupiga picha pale hakuruhusiwi, kwa sababu mtu wa bara akiona feri cha kwanza ni kutoa simu, na askari wa pale hawana utani. Simu yenyewe iwe mfukoni, mfuko wa mbele.

Na kabla ya kulipia lolote, tazama kalenda. Ramadhani husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na miaka hii inaangukia miezi ya mwanzo. Ikigongana na wikendi yenu, ahirisheni. Diani hotelini hawatajali, lakini nyinyi mnataka kufika Msambweni, Gazi na Wasini, na kundi la vijana linalokula viazi karai barabarani saa saba mchana litakuaibisha wewe peke yako.

Bahari ndiyo kazi yako kubwa. Pesa wataihesabu wenyewe, maji hawayajui. Diani inadanganya macho: mwamba uko mbali kidogo na ufuo, mawimbi makubwa yanavunjikia huko, na maji ya ndani yanaonekana ya kuogea watoto. Mwezi wa pili kaskazi bado inavuma, bahari ni safi na tulivu, jua ni kali, na hapo watu hujisahau. Wewe umekua ukijua kwamba maji yana ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio kwanza unaandama, maji hupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni, na kimo chake hupishana kwa zaidi ya mita tatu. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele karibu dakika hamsini. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia ya kesho bila kutazama simu.

Wenzako wataona maji yametoka, wataona fungu la mchanga kule nje, na watataka kwenda kwa miguu wapige picha. Waende, ni pazuri kweli. Lakini waende maji yakiwa bado yanatoka, na warudi kabla hayajageuka. Yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, karibu na ufuo, na mtu asiyejua kuogelea hujikuta amezungukwa huku bado anachagua picha nzuri. Huyo msichana wa Mbarara asiachwe peke yake majini hata kwa dakika. Msimcheke akiogopa, wala msimrushe. Anayejua kuogelea kwenye bwawa la chuo naye asijione bingwa. Pale mto Kongo unapoingia baharini, maji yakipwa huvuta kwa nguvu kwenda nje. Na kila mtu avae viatu vya mpira akitembea kwenye mawe, kwa sababu wale viumbe wa miiba myeusi hawachagui mgeni.

Vijana wa ufuoni watawafuata. Wenzako wa Nairobi watataka kuwajibu kwa ukali kama wanavyowajibu makanga, nawe uwazuie. Wale ni watoto wa Ukunda, Mwabungo na Kinondo, wengine mlisoma nao msingi. Salimia kwa jina au kwa ukoo, sema leo hatununui, endeleeni na safari. Ukishasalimia Kidigo, nusu yao watageuka kuwa walinzi wenu. Ufuo wenyewe ni wa umma. Usimruhusu mtu yeyote aliyevaa sare awaambie hampaswi kupita mchangani mbele ya hoteli. Hawezi kuwazuia mchangani. Anaweza kuwazuia bustanini kwao, na hapo ana haki.

Sehemu za kwenda hamtakosa, ila msitake zote. Kundi la Nairobi linataka ngamia, pikipiki za mchangani na muziki wa usiku, sawa, wapewe usiku mmoja. Ningekuwa wewe, Jumamosi asubuhi ningewapeleka Kaya Kinondo. Ni miongoni mwa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na iko pale pale, hatua chache kutoka kwenye hoteli. Mtafungwa kaniki nyeusi kiunoni, mtaongozwa na mtu wa hapo hapo, hamtaokota hata jani, na wapenzi hawatashikana humo ndani. Waeleze haya mkiwa bado nje, maana kuna yule mwenzenu mmoja wa kufanya mzaha kila mahali, na mzaha kule hauna nafasi. Kule mto Kongo kuna msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, wa karne nyingi, chini ya mibuyu, na bado unaswaliwa. Leso begani, sauti chini, na kumuomba mlinzi wake ruhusa kabla ya picha.

Mkiwa na pesa kidogo, nendeni Gazi. Hapo ndipo nyumbani kwa Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895, na mwenzenu anayesomea historia atakushukuru. Kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko. Mnalipa kiingilio kidogo, na mkiagiza mapema wanawapikia. Kijiji hicho hicho na jirani yake Makongeni ndivyo vyenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Mwambie huyo Mjerumani, kwao wanazungumza sana habari hizi. Aje aone wanaozifanya.

Mkiwa na pesa zaidi, ni Shimoni na Wasini. Pango la Shimoni, walikofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa majahazini, linaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na ningependa wenzako waingie humo kabla ya boti, wakiwa na akili tulivu. Kisha mkavuke. Ada ya hifadhi ya Kisite inalipwa kwa eCitizen, si kwa fedha mkononi, basi mlipe kabla ya kufika huko ambako mtandao unakuja na kuondoka, na kila mtu abebe kitambulisho cha taifa na cha chuo. Msipande boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Hesabuni majaketi kabla ya kulipa, mbele ya nahodha. Nahodha mwema hatanuna. Pomboo mkiwaona, nahodha azime mashine au aende polepole, msimpe bakshishi ya kuwafukuza. Wasini haina gari hata moja, nako ni kijijini: leso kiunoni, shati mwilini. Nguo ya kuogelea ni ya kuogelea.

Shimba Hills na wale palahala wake iacheni safari nyingine. Ukitaka kila kitu katika siku mbili, mtaona barabara tu.

Nisije nikasahau: msiwape tumbili chakula, na mbega muwatazame wakivuka barabara ya Diani juu kwa juu kwenye ngazi za kamba walizofungiwa na shirika la Colobus Conservation, lililoko hapo tangu 1997. Msichana wa Mbarara atalipenda hilo kuliko ngamia.

Haya, Mjerumani. Nilijua kwenye barua yako umempitisha haraka haraka. Wewe ni msichana wa Msambweni, na unajua Diani watu wakimwona msichana wa hapa na kijana wa Kizungu wanawaza nini. Wameona mengi, hawawazi bure. Inauma kuhukumiwa kwa jambo usilolifanya, na sikwambii ujifiche wala utembee nyuma yake. Nakwambia upunguze kazi ya wapiga domo. Mkiingia mtaani muwe kundi. Mtambulishe kwa mamako mbele ya wenzako wote, kwa jina lake na somo analosoma, siku ile ile ya chakula, asiwe wa kuonekana kwa mara ya kwanza gizani. Mlinzi wa hotelini akikudai wewe kitambulisho na kumpisha yeye, huyo kijana naye atoe chake bila kuulizwa. Kama ni rafiki ataelewa akielezwa mara moja. Na kama kati yenu kuna zaidi ya urafiki, ambalo hukuniuliza, basi wikendi ya watu tisa si mahali pa kulianzia.

Bei atatozwa ya juu, hasa na wale wasiokujua. Ada za hifadhi kwa wageni ni tofauti kisheria, hapo usigombane na mtu. Kama ana kitambulisho cha mgeni mkaazi akibebe, huenda kikamsaidia. Kwingine kote wewe ndiye wa kuuliza bei, yeye asimame mbali akitazama mawingu. Tena mwambie asiwapige picha watoto na kina mama bila idhini.

Atawaambia pia, kwa sababu wenzake wa Ulaya wamezoea hivyo, kwamba mpaka uko karibu, kwa nini tusile chakula cha mchana Tanga? Lunga Lunga ni karibu kweli. Lakini Tanzania haimo kwenye mpango wa vitambulisho ambao Kenya, Uganda na Rwanda wanao tangu 2014. Msichana wa Mbarara ameingia Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa. Pale Horohoro hakimfai, wala chako hakikufai. Mnahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha homa ya manjano huulizwa. Yeye Mjerumani ana swali zito zaidi: akitoka, kibali chake kinamrudisha? Aulize ofisi ya chuo kabla, asiulize mpakani. Kwa wikendi moja, kuleni wali wa samaki Vanga, mkiutazama mpaka kwa mbali.

Hilo la mpaka linanileta kwa kijana wa Ukunda anayesoma Ujerumani, aliyeniandikia kwamba wenzake kila Ijumaa wako kwenye basi la Praha au treni ya Salzburg, naye huwaambia ana kazi ya chuo. Wanamwona ana maringo. Ukweli ni kwamba anaogopa makaratasi, na pesa zake ni zile za akaunti iliyofungwa ya wanafunzi wa kigeni, ambazo tangu Septemba 2024 zinapigiwa hesabu ya euro 992 kwa mwezi, kodi ya chumba ikiwa humo humo.

Mdogo wangu, makaratasi yako yanatosha kuliko unavyodhani. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani kilicho hai, pamoja na pasipoti, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Nchi hizo ni 29, na Cheki na Austria zimo. Uingereza na Ireland hazimo, Albania na Serbia hazimo, na huko utahitaji kuuliza habari ya viza hata kama wenzako wanapita na kitambulisho chao. Beba kadi yenyewe na pasipoti yenyewe, usibebe picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 polisi wa Ujerumani wanakagua kwenye mipaka yote ya nchi kavu, na ndani ya basi la usiku watakaoulizwa kwanza unawajua wana rangi gani. Kibali kikikaribia kuisha, usitoke kwanza.

Kuhusu pesa, tazama tiketi yako ya muhula. Vyuo vingi vimeiingiza kwenye ada, na ile ya nchi nzima inapanda treni za mikoa kila upande, mpaka kituo cha Salzburg chenyewe. Safari moja kwa muhula, uliyoichagua wewe, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na chakula chako begini. Nyingine waambie tu, mwezi huu siwezi. Hao wenzako wengi wanatumiwa na wazazi. Wewe huenda unatuma. Ukiwaambia kweli mara moja, utashangaa ni wangapi nao walikuwa wanakopa ili waonekane.

Turudi Diani, Jumapili. Treni ya saa tisa alasiri inaondoka Miritini, na ukaguzi wa mizigo kituoni una foleni mbili tatu. Ondokeni Ukunda saa nne asubuhi, na saa nne maana yake mabegi yako garini, si mtu yuko bafuni. Mshika pesa asome hesabu usiku wa Jumamosi, watu wakiwa wameshiba na kabla hawajaanza kupanga mabegi. Kilichobaki kigawanywe, kilichopungua kichangwe pale pale. Mpishi na mlinzi wa nyumba muwaachie kitu kwa mkono, kila mmoja chake. Wewe, kama una ruhusa ya kubaki nyumbani siku moja, baki. Na yule mmoja ambaye Jumapili asubuhi ataanza kusema mbona tusirudi Jumatatu, mwonyeshe ofisi ya gesti: abaki kwa pesa zake, na asiandike nambari ya simu ya mamako kwenye kitabu cha wageni.